Boila Chini ya Kitanda

Jumatatu, Machi 3

Baba Akumu, unisamehe kwa kuchelewa. Daftari hili uliniachia Januari ukifunga begi, ukasema niandike kila siku kwa sababu kwa simu tunaongea kama watu wanaofukuzwa. Leo ni Machi na ndiyo naanza. Mtoto akilala nami nalala, akiamka niko kwa majani chai na kikapu mgongoni. Lakini Haron jirani anakuja huko kazini kwenu ng'ambo mwezi wa sita na amekubali kulibeba, kwa hivyo sasa nitaandika. Kiswahili ni kile chetu, cha mimi na wewe. Utanivumilia.

Mvua imeanza. Bado tunalala ndani ya gari-nyumba, pale pale ulipoliegesha nyuma ya migomba ya baba. Wale wazee Waholanzi waliokuachia gari lilipokufa injini pale Nyakoe wangeona moto wa kuni ulivyotia weusi upande mmoja, wangelia.

Jumatano, Machi 5

Kliniki, Kisii. Daktari alisikiliza kifua cha Akumu mbele na nyuma, akarudia. Akasema hiki kifua mwaka huu kimeshaugua vya kutosha. Mpaka mvua iishe mtoto akae mahali pa joto, pasipo na moshi, na kama hapo hapapatikani apelekwe kunakopatikana.

Nikamwambia joto nitapata. Sijui nilisema hivyo kwa nguvu za nani.

Nikutajie ili uone sikukurupuka. Nyumba ya baba, jiko ni la kuni na kuni zimelowa, moshi unaingia hadi chumba cha kulala. Makaa ndani ya gari daktari alikataza kabisa, alisema watu hulala na hawaamki. Moto wa gesi ulio wazi pia alikataza. Stima ya huku juu Nyamira unaijua, wingu likitokea tu inaenda. Na mahali pa joto daktari alipofikiria ni kwenu ziwani. Mama yako ameshapiga simu, anasema, kwa lile jina lake la binti wa Kisii, "Nyar Kisii, niletee mtoto, huko kwenu mnaishi na mawingu."

Akumu anaweza kuingia kwenu. Mimi siwezi. Hujajenga nyumba kwenu, na wewe mwenyewe uliniambia mke haingii boma la mumewe peke yake kama mgeni aliyepotea njia. Na mtoto ana miezi tisa, bado ananyonya.

Imebaki ile boila chini ya kitanda. Wewe uliniambia yule mzee Mholanzi aliwasha mbele yako mara moja, gesi ikachemsha maji, maji yakazunguka kwa mabomba kando ya kuta, moshi wote ukatokea nje kwa kibomba chake, na ndani kukawa kama karibu na tanuri la mkate. Sasa haiwaki. Nitaitengeneza.

Alhamisi, Machi 6

Nimemwambia baba. Alifanya kazi kwa boila ya kiwanda cha majani chai mpaka akastaafu, unajua anavyopenda kuizungumzia kuliko alivyompenda mtu. Macho yalimwaka. Akavaa gambuti, akachukua spana yake, akaja mpaka kwa mlango wa gari, akasimama.

Boila iko chini ya kitanda chetu.

Hiyo kwetu ni chinsoni, ile haya ya mzazi na mwanawe, Ben. Baba haingii mahali ambapo binti yake aliyeolewa analala na mumewe, hata kama mume yuko ng'ambo, hata kama mahali penyewe pana magurudumu. Baba yangu ni mzee wa kanisa na kwa mambo ya chinsoni ni mkali kuliko kanisa. Alisimama nje na mwavuli, akaniambia nilale kifudifudi nimweleze ninachoona.

Nilimwambia naona sanduku la bati, bomba mbili nene, bomba moja nyembamba na utando wa buibui. Akauliza koki ya chini iko wapi. Nikamwonyesha kwa kugonga. Akasema, "Hiyo ndiyo moyo." Mvua ilikuwa inampiga miguu.

Ijumaa, Machi 7

Nimesafisha pua ya gesi kwa unywele wa ufagio. Baba alielekeza kutoka dirishani. Jua lilipoanza kuzama akasema tuweke spana chini, Sabato inaingia.

Jumapili, Machi 9

Gladys, mke wa kaka yangu Ochoki, amepita na ndoo. "Mama Akumu, leo mnasafiri wapi? Dereva amefika?" Kila siku ni hilo. Alisema pia kwamba ameona wasichana wakirudi nyumbani na mtoto, lakini kurudi na basi ndiyo mara ya kwanza.

Nilimjibu kwamba siti ya kando ya konda iko wazi. Alicheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, Machi 11

Akumu anakohoa alfajiri. Nimemfunga kifuani chini ya sweta yako.

Alhamisi, Machi 13

Machogu amekuja, fundi wa friji na gesi kutoka Kisii. Alikaa chini ya kitanda asubuhi yote. Mipira inayounganisha mabomba ilikuwa imekauka kama maganda, akaweka mingine. Ile waya ya shaba inayohisi moto alikuta imekufa, akatafuta nyingine kwa friji ya gesi iliyotupwa. Maji aliyajaza mwenyewe nikiwa chini shambani nachuma chai. Niliporudi alikuwa anafunga begi, anakimbilia kazi nyingine.

Baba hakumpenda. Alisema kijana wa kutengeneza baridi hawezi kujua moto.

Lakini iliwaka, Ben. Kitu kilinguruma kidogo chini ya kitanda kama paka, halafu nikaweka mkono kwa bomba la ukutani na mkono ukakataa kutoka. Nilimfungua Akumu shuka zote. Alilala mikono wazi, juu, kama mtu aliyeshindwa vita na hajali.

Ijumaa, Machi 14

Joto.

Jumatatu, Machi 17

Joto. Mvua ya mawe ilipiga bati mpaka hatukusikizana, na ndani mtoto yuko na fulana tu. Gladys alichungulia, akaingiza mkono, akauacha humo kwa muda. Baadaye akaleta soksi za mtoto wake zilizolowa akauliza kama zinaweza kukauka hapo kwa bomba. Zimekauka.

Jumatano, Machi 19

Baba ameniuliza kama nafungua koki ya chini. Nikasema kwa nini. Akashika kichwa. Kiwandani, anasema, kila asubuhi kabla ya kitu chochote mtu anafungua koki ya chini ya boila ili takataka itoke, na asiyefanya hivyo anaua boila na watu wake. Akasimama nje mpaka nikafungua. Yalitoka maji ya rangi ya chai. "Umeona?" akasema. Aliridhika kama mtu aliyelishwa.

Kwa hivyo kila asubuhi sasa nafungua. Yeye yuko nje na mwavuli, anasikiliza maji kwa beseni, anasema "bado, bado, funga."

Jumatatu, Machi 24

Kliniki. Kifua kimetulia. Daktari aliuliza nimefanya nini nikamweleza, akaandika mahali. Nikamwambia mama yako kwa simu. Alisema ni vizuri, lakini mvua yenyewe bado haijaanza kunyesha.

Ijumaa, Machi 28

Koki. "Bado, bado, funga."

Jumatano, Aprili 2

Mabomba yameanza kugonga. Kitu kama kidole kinagonga kutoka ndani, tok, tok, upande wa kichwa cha mtoto. Baba alisikia akiwa nje. Alisema hiyo ni takataka imeganda, tufungue zaidi. Tumefungua zaidi.

Alhamisi, Aprili 3

Yanagonga. Tumefungua zaidi.

Jumapili, Aprili 6

Yanagonga, na bomba la upande wa mlango limekuwa baridi. Nilimpigia Machogu, hakushika. Nilimwambia baba labda tungoje fundi. Akaniuliza ni nani aliyelala karibu na boila miaka yote hiyo, yeye au Machogu. Nikasema, "Baba, basi ingia uangalie mwenyewe mara moja tu. Nitatoa shuka, nitasimamisha godoro." Alinitazama kama nimemvua nguo barabarani. Akasema hilo nisilirudie.

Nilimkasirikia siku nzima. Nilifikiri, huyu anapenda heshima yake kuliko mjukuu wake. Naandika ilivyokuwa.

Jumatano, Aprili 9

Baridi kwa upande mmoja. Tumehamia upande mwingine, miguu yangu iko kwa sinki.

Ijumaa, Aprili 11

Nitaandika hii pole pole kwa sababu sitaki kuiandika mara mbili.

Jana saa tisa mchana mvua ilikuwa inamwagika. Nilikuwa nimemweka Akumu kitandani, nakata mboga. Mabomba yaligonga kwa haraka, tok tok tok, kama mtu anayetaka kufunguliwa. Baba alikuwa nje, chini ya mwavuli, alisikia huko kugonga akaja. Akasema nifungue koki. Nililala chini nikafungua. Hakukutoka maji. Kulitoka pumzi tu, ya moto.

Nikamwambia, "Baba, hakuna kitu."

Akasema, "Fungua yote."

Nikafungua yote. Halafu ukalia mlio, si mkubwa sana, kama sufuria inayoanguka kwa saruji, na mvuke ukajaa mpaka sikumwona mtoto. Nilipiga nduru. Nilimpata kwa kupapasa. Hakuwa ameungua, alikuwa ameshtuka tu, amefungua mdomo na sauti haijatoka.

Na baba alikuwa ndani.

Sijui alipita vipi ule mlango mdogo na mwili wake. Alifunga gesi kwa mtungi, akafungua madirisha, akapiga magoti, akatazama chini ya kitanda. Mvuke ulipoisha akainuka, macho yakazunguka, yakasimama kwa kabati ambalo mlango wake ulikuwa umefunguka, lile la makoti yako. Kuna kitanki kidogo cha plastiki humo juu, unakijua. Kilikuwa kitupu.

"Hiki ni cha nini?"

Nikasema sijui. Kimekuwa hapo siku zote. Maji yake yalikuwa yakipungua nikadhani ni ya kuoshea kioo cha dereva.

Alifuata bomba lake kwa kidole, kutoka kabatini, nyuma ya ukuta, mpaka chini ya kitanda, mpaka kwa boila. Halafu akaketi. Aliketi kitandani, Ben, juu ya shuka yetu, na hakujua ameketi wapi. Akasema kiwandani kuna pampu inayoleta maji yenyewe kila yanapopungua, hakuna mtu anayefikiria. Hapa kila tulichotoa asubuhi kilitoka kwa hiki kikopo na hakuna aliyerudisha. "Tulikuwa tunaimwaga damu," akasema, "kila siku, na mimi ndiye niliyekuwa nahesabu."

Kisha akasema, "Ningeingia siku ya kwanza ningeona kwa macho mara moja."

Akaona alipoketi. Akainuka akatoka bila mwavuli.

Jumapili, Aprili 13

Kisii, hospitali. Ijumaa hiyo niliandika nikiwa kwa baba, mtoto mgongoni. Hatukuwa na mahali pengine, gari lilikuwa limelowa mpaka godoro. Tulijaribu kuzima jiko mapema, lakini moshi wa kuni mbichi hauondoki kwa sababu umeombwa. Jana Sabato asubuhi kifua chake kilikuwa kinaingia ndani kila akivuta hewa, mbavu zinaonekana.

Ni Gladys aliyefanya kitu. Mimi nilikuwa nazunguka na kitambaa mkononi. Alimvua Akumu, akamweka kwa ngozi yake mwenyewe chini ya blauzi, akafunga leso mbili na koti la Ochoki juu, akaketi kwa bodaboda na kuniambia nipande nyuma yake nizuie upepo. Njia yote kwa matope alikuwa anamwimbia. Hapa hospitalini nesi alimwuliza kama ndiye mama. Alisema, "Mama ni huyu, mimi ni blanketi."

Nimonia. Yuko kwa hewa ya mashine.

Jumatatu, Aprili 14

Anapumua.

Jumanne, Aprili 15

Ananyonya kidogo. Ochoki ameleta uji. Baba hajaja. Ochoki anasema hali chakula, anapita nyuma ya nyumba akienda shambani ili asipite karibu na gari.

Alhamisi, Aprili 17

Machogu ameangalia boila, amekuja mpaka hapa hospitalini kuniambia usoni, na hilo nimemshukuru. Tumbo la boila limepasuka. Si chuma cha kuchomelea, ni aluminiamu, na mtu wa kuichomelea hamjui hapa wala Kisumu. Inahitaji boila nzima. Hakuna. Mwaka wa hilo gari, anasema, hata kwao Ulaya labda hakuna.

Nilimwuliza mara mbili kama ana hakika. Alijibu vilevile mara zote mbili.

Ijumaa, Aprili 18

Mama yako amekuja na begi tupu. Begi tupu niliona kabla ya kumwona yeye.

Alimbeba Akumu bila kuniomba, lakini kwa upole, na mtoto hakulia. Daktari alirudia yale ya Machi: joto, bila moshi, mpaka mvua iishe. Alinitazama mimi akisema, kana kwamba mimi ndiye mvua.

Tulitoka nje kwenye benchi. Mama yako alisema anajua ninachofikiria. "Mimi siibi mtoto, nyar Kisii. Mimi nina jua tu, na wewe huna." Nikauliza atanyonya nini. Akasema kuna maziwa ya ng'ombe wake na miezi kumi si uchanga, wewe mwenyewe, Ben, uliachishwa na miezi minane na ona ulivyokua. Halafu akasema kitu ambacho alisema kwa wema na ndicho kimenikaa: mtoto aliyejifunzia kutembea kwa boma fulani, boma hilo ndilo kwao.

Nilimwambia hivi, na nimeandika maneno yenyewe ili ujue: "Mama, simpeani. Namweka kwako mpaka mvua iishe. Akianza kutembea kabla ya hapo, mrudishe chini."

Hakukasirika. Alisema, "Kutembea hakuzuiwi, mama."

Sikuweza kuuliza kama naweza kwenda naye. Yeye pia hakutaja. Tulikaa hapo wanawake wawili tukijua kwamba kuna mlango, na mwenye kuufungua ni wewe, uliye jangwani unafunga nyaya.

Jumamosi, Aprili 19

Ameenda. Nilimnyonyesha pande zote mbili kwenye lango la hospitali, watu wakipita. Hakumaliza upande wa pili, alikuwa anatazama ndizi zikipakiwa.

Jumapili, Aprili 20

Maziwa yanatoka yenyewe. Gladys ameleta majani ya kabichi niweke kifuani. Hakutania.

Jumatano, Aprili 23

Mvua.

Jumatatu, Aprili 28

Mama yako ameniwekea simu karibu na mdomo wa Akumu. Kifua kimya kabisa. Nilishukuru Mungu halafu nikakata simu kabla mama yako hajanisikia nikilia.

Jumamosi, Mei 3

Kanisani baba aliketi kiti cha nyuma. Wazee walimwita mbele, hakwenda.

Jumanne, Mei 6

Baba anaingia sasa. Ilianza jana. Nilikuwa garini napanga sufuria, akaingia bila kubisha hodi, akapiga magoti, akaanza kufungua boila kipande kwa kipande. Leo tena. Sikujua niweke macho wapi. Alikuja na gazeti akapanga vipande juu yake kwa mpangilio, anapangusa kila kimoja kwa koti lake la kazi, anarudisha.

Ningedhani nitafurahi. Mwezi uliopita ningetoa chochote aingie hivyo. Lakini anaingia kama mtu anavyoingia stoo. Hakuna tena kitanda cha mtu humo, hakuna mtoto, hakuna cha kuonea haya. Ndivyo ninavyoona, na sijamwambia.

Alhamisi, Mei 8

Nilimletea chai akiwa chini. Nikamwambia tu, baba, haitapona. Akasema anajua. Akaendelea kupangusa.

Jumapili, Mei 18

Nimechuma chai siku zote hizi. Kikapu mgongoni ni kizito kiasi cha mtoto, hilo sikuwahi kuligundua.

Jumanne, Mei 27

Mama yako anasema Akumu ameshika kiti akasimama. Alisema kwa furaha na hakukumbuka tulichosemezana kwenye benchi, au alikumbuka. Nilisema ni vizuri. Niliuliza mvua huko ikoje. Alisema kule ilishakatika.

Huku bado.

Jumapili, Juni 1

Nimemwuliza mama yako kwa simu, sasa mvua ikikatika na huku, nije lini. Alisema nisije na haraka, Julai huku kwetu ni baridi kuliko hata mvua, na gari lenyewe halijapona. Alisema, "Utampeleka wapi?" Yeye hakosei, Ben. Kila neno alilosema ni kweli, hata daktari angelisema. Hiyo ndiyo inanitisha. Hakuna mtu mbaya ninayeweza kugombana naye nimrudishe mtoto wangu.

Jumanne, Juni 3

Haron anaondoka kesho alfajiri. Machogu anasema huko mliko watu wanatoka kila pembe ya dunia na kuna madampo ya magari makubwa. Sina tumaini sana, lakini nimeambiwa niandike, naandika. Ninachohitaji ni hiki:

Boila nzima ya gesi, ya kuzungusha maji, si ya kupuliza hewa. Namba iko kwa kibati kilichokuwa ubavuni mwake, nimekibandika kwa gundi ukurasa wa mwisho, usikipoteze, ni hicho kimoja.

Ile waya ya shaba ya kuhisi moto, mpya, si ya friji.

Mipira ya kuunganisha mabomba, upana wa ndani milimita ishirini na mbili, ya kutosha mabomba yote, na klipu zake.

Kitanki cha juu chenye alama ya maji yafike wapi, iliyoandikwa kwa rangi ambayo mzee ataiona akiwa mlangoni.

Kama boila haipatikani, usitume hayo mengine. Badala yake tuma neno kwa kaka zako waanze kukujengea, hata chumba kimoja, na uje siku mbili tu unishike mkono nipite lango.

Na hata kama hayo yote hayawezekani, mpigie mama yako. Ongea naye kwa lugha yenu, si Kiswahili, ili asiweze kusema hakuelewa. Mwambie mtoto anarudi, umtajie mwezi, na umtajie anarudi kwa nani. Sema jina langu, Kemuma. Usiseme mama Akumu.